Asukile na Chuma Chenye Sauti

Ukitaka kumwita Asukile wa Iyunga, hukupaza sauti. Uliokota kijiwe ukakirusha mbele ya miguu yake, au ulizunguka ukasimama mahali ambapo kivuli chako kingeangukia mikono yake, naye akainua uso na kutabasamu. Wenyeji wote walijua hivyo, na mgeni alifundishwa mapema, asije akakasirika kwa kudhani mhunzi yule ana dharau.

Masikio yake aliyaacha Burma. Alikwenda huko kijana, akiwa keya, askari wa jeshi la Mwingereza, na siku moja kombora likaangukia karibu na handaki walimojibanza. Wenzake hawakuinuka. Yeye aliinuka, damu ikimchuruzika shingoni, akaona midomo ya watu ikichezacheza bila neno kutoka. Baadaye sikio la kushoto lilirudi kidogo. Mtu mwenye sauti nene akimsogelea na kusema polepole, alimsikia kama anayesemea ndani ya mtungi. Lakini ndege, kengele ya kanisa, kicheko cha mtoto, mlio wa chuma, vyote hivyo vilikuwa vimekwisha kwake.

Aliporudi, mjomba wake Mika, aliyekuwa mhunzi, alimvuta karibu akamsemea sikioni.

"Njoo kwangu. Moto hauhitaji kusikilizwa. Kaa hapa uutazame."

Basi akakaa, akautazama. Alijifunza kufua majembe na nyengo za kufyekea juu ya jiwe jeusi ambalo Mika naye alilirithi kwa wakubwa wake. Na ni katika miaka hiyo alipomwoa Tupokigwe, binti wa jirani. Dada zake Tupokigwe walimwonya kwamba atakesha akipiga kelele maisha yake yote. Akawajibu kwamba nyumbani kwao wamejaa wanaume wenye masikio mazima, na hakuna hata mmoja anayemsikiliza. Hakupiga kelele hata siku moja. Alisimama mbele ya mumewe, akasema taratibu, mikono ikisaidia mdomo, na Asukile alimwelewa kuliko alivyowahi kumwelewa mtu yeyote kabla ya vita.

Mika alipofariki, Tupokigwe ndiye aliyeshika mivukuto ya kupulizia moto. Wazee walinung'unika, kwa kuwa zamani mwanamke hakusogelea moto wa wahunzi. Lakini kati ya hao wanung'unikaji hakutokea mmoja wa kuja kuvuta mivukuto mwenyewe, kwa hiyo manung'uniko yakapoa.

Kilichomtoa Asukile nyumbani kwenda kutafuta fuawe, chuma cha kufulia vyuma vingine juu yake, kilitokea msibani, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tano, wakati wa kiangazi. Mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi alifariki, na watu wakajaa kutoka kila upande. Wanaume walikuwa wakichuna fahali uani. Mmoja wao alikuwa na kisu kipya, kazi ya Asukile, na alipofika kwenye kiungo cha paja akakandamiza. Kisu kikajikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Yule mtu akakiinua juu, watu wakione.

Asukile alikuwa amekaa upande wa pili wa ua. Hakusikia kicheko. Alikiona. Aliona vinywa vikifunguka, mabega yakitikisika, na macho yote yakimgeukia yeye. Alitamani ardhi ipasuke. Kama wangekuwa wanamtukana angeweza kujifanya hajui, lakini kicheko cha uso mzima hakina pa kufichwa.

Mtu mmoja hakucheka. Huyo alikuwa Andendekisye, mchinjaji wa siku nyingi pale sokoni, mzee mwenye kifua kipana na sauti ya kutoka tumboni. Alikichukua kile kisu, akakigeuzageuza, akavuka ua mbele ya watu wote na kuja kuchuchumaa kando ya Asukile, upande wa sikio lake la kushoto.

"Mwanangu, mkono wako hauna kosa," alisema. "Tazama mgongo wa kisu ulivyonyooka. Tazama ulivyoupunguza kuelekea kwenye ncha. Lakini hiki ni bati. Umekitoa wapi?"

"Kwenye pipa la lami, baba. La wale wanaotengeneza barabara."

"Na unafulia juu ya nini?"

"Juu ya jiwe la marehemu mjomba. Limepasuka tangu masika, nalifunga kwa pete ya chuma."

Andendekisye alitikisa kichwa, si kwa kulaumu, bali kama mtu anayesikia habari za ugonjwa. "Jiwe lililopasuka linakula nusu ya pigo lako. Na pipa la lami halishiki makali hata ulibembeleze. Sikiliza. Makongolosi, huko Chunya, kuna mgodi umefungwa, wenyewe wanaondoka. Vyuma vimelala nje, wanaviuza kwa bei ya chakavu. Nenda ukachague fuawe. Ila usichague kwa macho. Fuawe nzuri huchaguliwa kwa kuigonga na kuisikiliza."

"Basi mimi nitachaguaje, baba? Masikio sina."

Mzee akanyoosha kidole kuelekea jikoni, ambako wanawake walikuwa wamekaa na mabeseni yao.

"Masikio unayo," akasema. "Yale pale, yanamenya ndizi."

Hivyo ndivyo Asukile na Tupokigwe walivyopanda lori la kwenda Chunya, wamekaa juu ya magunia, na binti yao Atuganile wamemwacha kwa bibi yake. Lori lilipanda mlima kwa kilio, likaingia kwenye ukungu, likatokea upande wa pili na kuanza kuteremka. Kadiri walivyoshuka ndivyo baridi ilivyobaki nyuma. Walipofika Makongolosi, Tupokigwe alikuwa amevua sweta na khanga ya mabegani, anajipepea, anaiuliza nchi ile kwa nini imewekwa karibu na jua hivyo.

Mlinzi wa vyuma vya mgodi alikuwa Didas, mtu wa Ufipa aliyewahi kuwa fundi wa mitambo pale pale kabla kazi haijaisha. Alikuwa mrefu, mkimya, amefunga leso kichwani. Aliwapitisha kati ya marundo ya mabomba, minyororo, magurudumu ya vitoroli na vipande vya reli. Kisha akasimama mbele ya kibanda na kuondoa turubai.

Asukile aliona fuawe ya kizungu, ya kweli, kama aliyowahi kuiona kwenye karakana ya jeshi. Ilikuwa na pembe yake ya mbele iliyochongoka, kiuno chembamba, uso mpana, na imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Aliishika pembe kama mtu anavyoshika shingo ya ndama.

"Hii," alisema.

Tupokigwe alichukua nyundo ndogo, akagonga katikati ya uso wa fuawe. Akasogea, akagonga tena pembeni. Akakunja uso. Akamgeukia mumewe, akasema taratibu, kila neno na mahali pake: "Baba Atuganile, hii inalia kama chungu chenye ufa."

"Hapana. Gonga tena."

Akagonga tena, na akatikisa kichwa.

Asukile alisimama pale akiitazama ile fuawe nzuri, na ukweli ni kwamba hakutaka kuamini. Didas aliyaona hayo yote. Alitia mkono mfukoni, akatoa gololi ya beringi, kubwa kama kunazi, akamwonyesha Asukile. Akaiinua hadi usawa wa kifua, akaiachia juu ya fuawe. Gololi ilianguka, ikaruka kidogo mno, ikabingirika. Akajaribu mahali pengine, ikawa vile vile. Kisha akachutama, akaikwaruza rangi ya ubavuni kwa ukucha wa gumba. Chini ya rangi, mstari mwembamba wa kutu ulipita kutoka chini ya uso hadi kiunoni.

"Uso umeachana na mwili," Didas alisema, naye Tupokigwe akamfikishia mumewe maneno. "Waliipaka rangi ili iuzwe. Mimi nimeambiwa niiuze, sikuambiwa nidanganye."

Asukile akaomba ile gololi. Akaanza kuzunguka yeye mwenyewe kati ya vyuma, akiiachia hapa na pale. Juu ya kipande cha reli iliruka vizuri, lakini reli yenyewe ilikuwa nyembamba, ya vitoroli, na ingecheza chini ya nyundo kubwa. Juu ya bamba la tanuri haikuruka kabisa. Alikuwa amekwisha kukata tamaa alipofika kwenye rundo la vyuma vya kinu kilichokuwa kikiponda mawe ya dhahabu. Vichwa vya michi vilikuwa vimelala humo, vinene kama mapaja ya tembo, vyuso vyao vimesuguliwa na mawe ya miaka mingi hadi vikang'aa. Havikuwa na pembe wala kiuno. Kwa sura vilikuwa vibaya kabisa.

Akaiachia gololi juu ya kimoja. Iliruka hadi karibu kurudi mkononi mwake.

Akaangalia kama kuna aliyeona. Akaiachia tena. Ikaruka, ikaruka, ikaruka, kama kitu kilicho hai.

"Mama Atuganile!" aliita, kwa sauti yake kubwa ambayo hakuweza kuipima. "Njoo ugonge!"

Tupokigwe akaja na nyundo, akapiga, na papo hapo akaiachia nyundo na kuziba masikio, anacheka. Asukile alimtazama usoni na kujua kila kitu. Lakini Didas hakuridhika. Alimshika bega Asukile, akampigisha magoti mbele ya kile chuma, akamwonyesha kwa ishara aweke meno yake kwenye mpini wa nyundo kubwa, kichwa cha nyundo kikiwa kimegusa chuma. Asukile alidhani anafanyiwa mzaha. Hata hivyo akauma mpini. Didas akampa Tupokigwe ishara apige.

Akapiga.

Asukile alisikia. Haikuwa kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. Ilikuwa sauti yenyewe, nyembamba na ndefu na safi, ikapanda kupitia meno yake, ikaingia katikati ya kichwa, ikakaa humo ikiimba hadi ilipofifia yenyewe. Tangu Burma hakuwahi kusikia kitu kilicho safi namna ile. Alibaki ameuma mpini, macho yameganda. Tupokigwe akapiga tena bila kuambiwa. Akapiga tena. Machozi yalikuwa yakimtiririka mumewe hadi kwenye ndevu na hakuyapangusa, kwa sababu alihofu akisogea sauti ile itakatika.

"Fundi mmoja hapa masikio yake yaliharibiwa na baruti," Didas alieleza baadaye, wakiwa wamekaa kivulini. "Alikuwa anaisikiliza mashine kwa kuuma bisibisi. Nilipomwona huyu mzee wako nikamkumbuka."

Asukile alimshika Didas mikono yote miwili. Kiswahili kilimpotea. "Ndaga," akasema, neno la kwao la kushukuru. "Ndaga fijo."

Walikilipia kile chuma kwa bei ya chakavu, na walipokuwa wakikipakia kwenye lori, vijana wa mgodi wakikinyanyua kwa miti na kuguna, Didas alimsogelea Asukile kwa mara ya mwisho, akamsemea polepole kwenye sikio la kushoto. "Fuawe umepata. Sasa usiniaibishe kwa kufulia mapipa ya lami juu yake. Nyololo kuna fundi wa malori, Philbert Kalinga. Tulifanya kazi pamoja. Mwambie Didas amekutuma, akufundishe kuchagua chuma cha pua, kile kigumu kinachoshika makali."

Pale Iyunga lori liliwashushia mzigo kando ya barabara, na kutoka hapo hadi nyumbani ni mteremko na matuta ya viazi. Walikuja kusaidia watu ambao Asukile hakuwategemea, wakiwemo wale waliocheka msibani. Walikata mti wenye panda, wakakilaza chuma juu yake, wakakiburuta kwa kamba huku wakiimba wimbo wa kuvuta magogo. Yule aliyekiinua kisu kilichokunjika ndiye aliyevuta mbele kabisa. Hakuna aliyetaja habari za siku ile. Walichimba shimo, wakasimika gogo la mkaratusi, wakakikalisha chuma juu yake na kukibana kwa pete. Kilipogongwa, majirani wa ng'ambo ya kijito walitoka nje kuuliza kanisa limenunua kengele mpya lini.

Safari ya Nyololo Asukile aliifanya peke yake. Tupokigwe alikuwa amebaki na mtoto mwenye homa, na masika yalikuwa yanakaribia. Alipanda basi asubuhi na kukaa karibu na dereva, ana woga ambao hakuwa nao hata alipokuwa askari. Tangu aoe, hakuwahi kuwa katikati ya watu wasiomjua bila uso wa mkewe mbele yake. Kulikuwa na baridi kali ya milima ya Mufindi aliposhuka, na ukungu umelala juu ya barabara. Aliuliza, akaonyeshwa lori lililoinuliwa kwa magogo, na chini yake ilitokeza miguu ya mtu.

Akaisalimu ile miguu. Akangoja. Akaisalimu tena kwa heshima zaidi. Miguu ikajivuta, akatoka mtu mfupi mwenye grisi hadi kwenye nyusi, amekasirika, kwa kuwa alikuwa amekwisha kujibu mara mbili. Asukile akagusa masikio yake na kutikisa kichwa.

Hasira ilimtoka yule mtu kama upepo kwenye tairi. Alijifuta mikono, akahama, akasimama mahali ambapo mwanga ulimwangukia usoni.

"Kamwene," alisema, kwa salamu ya kwao na kwa midomo iliyo wazi. "Mimi ndiye Philbert. Karibu."

"Didas amenituma. Natafuta chuma cha visu. Unasemaje vizuri hivyo, kaka? Naona maneno yako yote."

"Mama yangu mzazi hasikii tangu utotoni. Sisi kwetu tumejifunza kutazamana kabla hatujajifunza kusema."

Basi Asukile akakaa kwa Philbert siku kadhaa, na kila siku alijifunza kitu. Barabara ile ya mashimo ilivunja springi za malori kila wiki, na nyuma ya karakana vipande vilikuwa vimerundikana. Philbert alimwonyesha kwamba si kila chuma kigumu kinafaa. Alichukua kipande cha nondo, akakisugua kwenye jiwe la kunolea linalozunguka, na cheche zikatoka ndefu, chache, zisizo na matawi. Akachukua springi, na cheche zikapasuka kama ua la mbigili, nyingi, zenye vijitawi. Akasema, "Hizi ndizo unazozitaka." Kisha akakata kijipande, akakichoma hadi kikawa chekundu kama nyanya mbivu, akakitosa kwenye oili, akakibana kwenye jiriwa na kukipiga. Kikakatika. Akamwonyesha mahali kilipokatikia: palikuwa laini, pa kijivu, kama unga wa ulezi uliokandamizwa. "Ukiona chembe kubwa zinazong'aa kama chumvi ya mawe, umekichoma kupita kiasi. Utakuwa umekiua mwenyewe."

Tena akamwonya asichukue kipande kilicho karibu na pale springi ilipovunjikia, kwa kuwa chuma kilichochoka huwa na nyufa zisizoonekana. Achukue za mwishoni. Wala asikitose kwenye maji baridi ya mto, bali kwenye oili chafu iliyopashwa moto kidogo, halafu akirudishe motoni taratibu hadi kipate rangi ya nyasi kavu.

Jioni Paskalina, mke wa Philbert, aliwapa ugali na maharage, na mama yake Philbert, Apolonia, bibi mwembamba mwenye macho makali, alimwita Asukile akae karibu naye jikoni. Ishara za mikono yake zilikuwa za Nyololo, za Asukile zilikuwa za Iyunga, lakini haikuchukua muda wakaanza kuelewana. Bibi alimsimulia jinsi alivyomlea Philbert amefungwa kamba mguuni, ncha ya pili ikiwa mkononi mwake, ili mtoto akilia usiku atikise. Asukile alimsimulia habari za kuuma mpini wa nyundo. Bibi akakimbilia mchi na kinu chake kujaribu. Yeye hakusikia kitu, maana uziwi wake ulikuwa wa namna nyingine, lakini alicheka hadi akajifuta machozi kwa pindo la nguo, na kwa mikono yake akasema: nimefurahi kwamba wewe umesikia.

Asukile alirudi na mzigo wa springi alizochagua mwenyewe. Katika mzigo ule alikuwa ametia kipande kimoja ambacho Philbert alikikataa, kwa kuwa kiling'aa na kilimpendeza. Hicho ndicho alichokifua kwanza. Kilipasuka kwenye oili kwa kishindo ambacho Tupokigwe alisema kilimrusha kwenye kiti. Alikipeleka kwenye mwanga, akaona ufa mweusi wa zamani uliofika nusu ya chuma, akacheka peke yake. Akachukua springi nyingine, ya mwishoni.

Kisu kilichotoka humo alikipeleka kwa Andendekisye sokoni. Mzee alikitumia kutwa nzima, akakata viungo vya ng'ombe kwacho, na jua lilipoanza kupoa akakipitisha kwenye mkono wake. Vinyweleo vikadondoka. Alimwekea Asukile kiganja kichwani, kama baba anavyombariki mwanawe, akakiacha hapo kwa muda.

Tangu hapo kazi haikupungua. Wenye buni wa Rungwe walitaka visu vya kupogolea, wachinjaji wa Mbeya mjini walitaka vya kuchuna, na madereva wa malori waliopita Nyololo walimletea springi kutoka kwa Philbert, wakirudi na visu vya kupeleka Iringa. Asukile alijenga kibanda kipya cha bati. Kila alipokamilisha kisu aliuma mpini wa nyundo na kugonga fuawe mara moja, si kwa kupima kitu. Alipenda tu.

Mwaka wa pili, kwenye sikukuu ya mavuno, watu walijaza mbele ya madhabahu kanisani mahindi, viazi, mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu. Asukile alipita na kisu akakiweka juu ya maboga. Mchungaji alisita kidogo, maana hakuwahi kubariki kisu. Ndipo Asukile akaomba aseme neno. Watu walishangaa, kwa sababu kiziwi yule hakuwa msemaji.

"Mimi silimi sana," alisema, sauti yake ikijaa kanisa lote. "Haya ndiyo mavuno yangu. Na sikuyapanda mwenyewe. Alipanda Mika. Akapanda mzee Andendekisye. Akapanda Didas wa Makongolosi, mtu ambaye hakuwa akinijua. Akapanda Philbert wa Nyololo, na mama yake, na mke wake aliyenilisha. Mungu awatazame popote walipo." Akamtafuta Tupokigwe kwa macho kati ya wanawake. "Na huyu hapa, aliyenisikilizia dunia."

Tupokigwe aliinamisha uso, na waliokaa karibu naye walimwona mabega yakimtikisika.

Baada ya ibada watu walitoka nje kwenye nyasi. Mchungaji alikichukua kile kisu, akamenya nacho muwa mrefu, akaukata vipande na kuvigawa kwa waliokuwa karibu. Asukile alipokea viwili. Kimoja akampa mkewe, wakakaa juani pamoja, wakatafuna bila haraka.